Usiache kumsomea mtoto eti kwa sababu amejua kusoma

Wazazi wanaoniuliza wafanye nini ili watoto wao wapende vitabu, wengi wana watoto wa darasa la tatu au la nne. Ukiwadodosa kidogo, habari ni ile ile. Mtoto alipokuwa chekechea alisomewa hadithi kila jioni. Alipofika darasa la pili akajua kuunganisha silabi, nyumba nzima ikafurahi, na mzazi akamkabidhi kitabu: haya mwanangu, sasa soma mwenyewe. Mwaka haujaisha, mtoto kakipa kitabu mgongo, kahamia kwenye simu ya mama.

Kama una nafasi ya kuchukua neno moja tu kwangu, chukua hili: endelea kumsomea. Msomee akiwa darasa la nne, msomee akiwa la saba, msomee hata sauti yake ikishaanza kuwa nzito.

Nasema hivi kwa sababu ya wanangu. Ni watatu, wote wana kazi zao na nyumba zao, na kila Desemba wanapopanda nyumbani Kibosho kwa ajili ya Krismasi, haipiti jioni bila kugusia vitabu vya utotoni. Mmoja anaanza, mwingine anamsahihisha, wa tatu anaghani “Karudi Baba Mmoja”, shairi alilolikariri shuleni kama watoto wengi wa rika lake. Mimi nikiwa namenya ndizi za mtori, sikio liko kwao. Kwa miaka hiyo yote nimeona jambo moja: vitabu wanavyovikumbuka kwa undani, na maneno yake, na mahali pa kucheka, karibu vyote walisomewa kwa sauti wakati tayari wanajua kusoma wenyewe.

Binti yangu mkubwa hana anachokipenda kuliko Hekaya za Abunuwasi. Tulikuwa tunakaa Majengo, mjini Moshi, wakati huo, na msomaji alikuwa baba yao. Kisa kilichombana binti ni kile cha sufuria. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha ikiwa na kisufuria kidogo ndani, anasema imezaa. Jirani anapokea vyote viwili kwa furaha. Siku nyingine Abunuwasi anaazima tena, safari hii harudishi, anasema sufuria imefariki. Baba yao alikuwa akifika pale jirani anapong’aka kwamba sufuria haiwezi kufa, anafunga kitabu kwa kidole kimoja ndani, anawatazama. Watoto wanapiga kelele wote watatu: mbona ilipozaa hukubisha? Walikijua kisa chote, lakini kila mara walisubiri pale pale. Sasa binti huyo ana mtoto wake, na nimemsikia akimsomea kisa hicho hicho. Akafunga kitabu kwa kidole kimoja ndani. Hakuna aliyemfundisha.

Sababu ya kumsomea mtoto anayejua kusoma ni rahisi, ila wazazi wengi hawajaiwaza. Mtoto wa darasa la pili masikio yake yamemtangulia mbali macho yake. Kwa masikio anaweza kufuata hadithi ndefu yenye wafalme, majini, hila na majuto. Kwa macho bado anahangaika na sentensi ya maneno manne kuhusu Juma na mpira. Ukimwachia macho peke yake, umemrudisha kwenye hadithi za watoto wadogo wakati akili yake imeshakua. Anachoka, na anaamini kwamba vitabu vinachosha. Ukimsomea, unamwonyesha kinachomngoja mbele, na yeye mwenyewe ataona faida ya kuhangaika na zile silabi.

Ndiyo maana nasisitiza kitabu cha kumsomea kiwe kigumu kuliko anachoweza kukisoma mwenyewe. Kwetu kilikuwa Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Kiswahili chake kina mdundo, kinaomba sauti. Mtoto wa miaka minane hawezi kukipasua peke yake, lakini msomee habari ya Adili anayewachapa nyani wawili kila usiku, na hao nyani kumbe ni ndugu zake wa damu, uone kama atalala. Kitinda mimba wangu alikuwa akijifunika shuka hadi machoni halafu anasema, “Mama, endelea.” Maneno mengine hakuyaelewa na sikusimama kuyaeleza kila moja. Mtoto huokota maana njiani.

Kwa wale waliofikia umri wa sekondari, jaribu Mzimu wa Watu wa Kale cha Mohamed Said Abdulla, cha mwaka 1960, chenye mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Hadithi za upelelezi zina faida moja kubwa kwa mzazi: unaweza kuacha pabaya. Mwaka 2006, wakati ule wa mgao wa umeme, jioni zetu zilikuwa za taa ya chemli, na mimi nilikuwa nasoma sura moja tu kisha nafunga. Mwanangu wa kati alikuwa ananyapia kitabu usiku na tochi ili ajue muuaji ni nani. Sikumkemea. Asubuhi nilimkuta anasinzia kwenye uji, nikajua kitabu kimefanya kazi yake.

Mtu ataniambia kusoma kwa sauti ni mambo ya watoto wadogo, mkubwa anasoma kimya. Katika familia yetu haikuwa hivyo hata kidogo. Mama yangu mzazi alijua kusoma akiwa mtu mzima, kwenye madarasa ya kisomo ya miaka ya 1970. Mwaka 1973 ilipokuja kampeni ya Mtu ni Afya, watu walikusanyika vikundi vikundi, wanasikiliza redio, halafu mmoja anawasomea wenzake kijitabu, wanajadili choo, maji na malaria. Mama alikuwa akikirudia kile kijitabu nyumbani, kidole chini ya mstari, kwa sauti ya mtu anayetangaza. Hakuwa akisoma kwa ajili yake mwenyewe tu. Sisi watoto tulikulia humo, tukijua kwamba kitabu kikifunguliwa, waliomo chumbani wote wanahusika.

Jambo la pili ninalolishikilia ni hili: mtoto akitaka kitabu kile kile kwa mara ya ishirini, msomee. Najua inachosha. Umerudi kazini, umepanda daladala umesimama, na anakuletea kile unachokijua kwa moyo. Msomee. Wewe unatafuta jambo jipya, yeye anatafuta kuhakikisha kwamba hadithi bado iko palepale alipoiacha. Wanangu hawana kumbukumbu yoyote ya vile vitabu tulivyosoma mara moja tukaviweka rafuni, vingine vya bei kubwa na picha za kung’aa.

Tena kitabu cha kupendwa huwezi kumchagulia. Mwanangu wa kati, huyo huyo wa tochi, kitabu cha maisha yake nilikiokota soko la Memorial, katikati ya rundo la nguo za mitumba. Kilikuwa cha Kiingereza, hakina jalada wala kurasa za mwanzo, kwa hiyo jina lake hatujawahi kulijua. Ndani kulikuwa na picha ya meli iliyokatwa katikati ili uone vyumba vyote: injini chini kabisa, mpishi na masufuria yake, mabaharia wamelala kwenye vitanda vya juu na chini, na panya mmoja kwenye ghala. Mtoto wa mlimani, bahari hajaiona. Alikuwa analala kifudifudi sakafuni na kunisimulia kila chumba kina nani na leo wamekula nini. Mgongo ulipoachia nikampelekea fundi viatu karibu na soko la Mbuyuni, akaushona kwa uzi wa nailoni ule wa kushonea raba, halafu nikakifunika kwa karatasi ya kaki. Ulishoneka vizuri kuliko kiwandani.

Sasa naomba niseme jambo ambalo walimu wenzangu hatukubaliani sana. Ukimaliza kumsomea mtoto, usimuulize “Hadithi hii inatufundisha nini?” Swali hilo shuleni lina mahali pake. Nyumbani linageuza kila kitabu kuwa mtihani, na mtoto anajifunza kukimbia mtihani. Akiwa na la kusema atalisema. Binti yangu aliniuliza siku kadhaa baada ya kisa cha sufuria, tukiwa tunafua, kama jirani alikuwa mjinga au mwenye tamaa. Tukabishana hadi nguo zikaisha. Ningemlazimisha kujibu usiku ule, angenipa sentensi moja ya kuniridhisha akalala.

Na wale ambao watoto wenu wako shule za Kiingereza, nawaelewa, ada mnalipa ili wajue Kiingereza. Lakini msomeeni Kiswahili jioni. Nimeona Moshi na Arusha watoto wenye akili nzuri ambao Kiswahili chao ni cha kuagizana dukani tu. Hawawezi kucheka na Abunuwasi kwa sababu utani wenyewe umefichwa kwenye maneno. Shule itampa Kiingereza saa zote za mchana. Kiswahili cha vitabu, kilichojaa na kunyooka, asipokisikia kwako sijui atakisikia wapi.

Kuhusu kupata vitabu sitakaa sana. Maktaba ya mkoa ipo Moshi na ipo Arusha, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Mpeleke mtoto Jumamosi, mwachie achague mwenyewe. Vitabu vya mitumba utavikuta masokoni ukiwa na subira ya kuchambua. Mwenye simu na bando anaweza kupata hadithi fupi za Kiswahili bure kwenye tovuti ya African Storybook, zinafaa sana kwa wadogo. Ila kitabu cha karatasi kiwepo angalau kimoja, na kikae mahali mkono wa mtoto unafika. Kabati la vioo lenye ufunguo liachie vyombo vya wageni.

Na ulinde vile ulivyonavyo. Nimeona vitabu vizuri vikiishia kufungia karanga kwa sababu watoto wamekua na mama anasafisha nyumba. Kabla hujatoa hata kimoja, wapigie simu wanao, waulize. Utashangaa watakachokitaja. Mimi niliulizwa habari za kalenda ya zamani ya kanisa yenye hadithi fupi nyuma ya kila mwezi, kitu ambacho sikuwahi kukihesabu kuwa kitabu.

Hivi sasa kwetu kuna mgogoro: Abunuwasi ni mmoja na wanaomdai ni watatu. Baba yao aliandika ukurasa wa kwanza tarehe na majina ya wote, kwa hiyo hakuna mwenye haki zaidi ya mwenzake. Nimenunua nakala nyingine mbili, mpya, na bado kila mmoja anataka ile ya zamani yenye doa la chai. Kwa hiyo nyie mnaoanza, nunueni kila mtoto chake, mwandikeni jina lake peke yake, na mtumie kalamu ya wino.