Nikope kikoba nimlipie mtoto chekechea?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina binti wa miaka miwili na miezi minne. Nauza vitumbua asubuhi, baba yake ni utingo wa lori. Mtoto wa jirani yupo chekechea ya Kiingereza, anahesabu mpaka hamsini. Wangu anashinda na mimi jikoni. Naambiwa asiyeanza mapema ndiyo basi tena. Nataka kukopa kikoba nimlipie ada.
Mama wa mtoto mmoja, Muheza

JIBU: Marahaba mwanangu. Usikope.

Kwamba miaka hii ya mwanzo ina uzito, ni kweli. Ila haianzii kwenye ada. Mwaka 1986 na 1987 huko Kingston, Jamaika, mtafiti Sally Grantham-McGregor na wenzake walichukua watoto 129 waliodumaa, wa miezi 9 hadi 24, wote wa familia maskini. Wengine walipewa maziwa ya unga, kilo moja kwa wiki. Wengine walitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya, saa moja kila wiki, miaka miwili. Wengine walipata vyote, wengine hawakupata maziwa wala ziara. Mhudumu hakuleta herufi. Alikaa chini na mama, akamwonyesha namna ya kucheza na mwanawe na kuzungumza naye, kwa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mkono. Walipofika miaka 22, waliotembelewa walikuwa na kipato cha asilimia 25 zaidi ya wenzao. Maziwa peke yake hayakufanya hivyo.

Sasa rudi jikoni kwako. Ukishamaliza kuchoma, kikaango kikapoa, mpe. Mtafutie vizibo vya madumu, vikubwa, visivyomezeka. Aweke kimoja kila tundu. Wewe sema naye: hili lina kizibo, hili halina, kipi kimebaki? Akikujibu kwa neno moja, mrudishie matatu. Zungumza naye Kiswahili chako, au Kibondei kama ndicho mnachozungumza nyumbani.

Kuhusu kuhesabu mpaka hamsini, usikose usingizi. Ypsilanti, Michigan, huko Marekani, kulikuwa na chekechea ya watoto maskini kati ya 1962 na 1967. Kwenye vipimo vya akili waliosoma pale waliwapita mwanzoni wenzao ambao hawakusoma, miaka michache baadaye wakawa sawa. Lakini walipofuatiliwa hadi miaka 40, waliomaliza sekondari walikuwa asilimia 65 ya waliosoma chekechea hiyo, na asilimia 45 tu ya wale ambao hawakuipata. Na pale walijifunza kwa kucheza, mwalimu mmoja kwa watoto kama sita, na kila wiki mwalimu alimfuata mama nyumbani.

Mimi mwaka wangu wa kwanza kazini niliwapanga watoto wa miaka mitatu kwenye madawati waandike a e i o u. Mmoja aliikaba penseli kwa ngumi, machozi yakidondokea daftari, nami nikamwambia amalize mstari. Hadi leo naumia nikimkumbuka.

Akishatimiza mitatu, kachungulie darasa kabla hujatoa senti. Ukikuta arobaini wamebanana wanakariri na fimbo ipo mezani, rudi naye nyumbani. Akifika mitano, darasa la awali la shule ya serikali halina ada. Hela ya kikoba nunulia mayai, ale yeye, na wewe ule.