Sili za valvu kwa injini ya Toyota 5A-FE inayokula oili

Moshi wa bluu asubuhi unapowasha, kisha unapotea: hizo ni sili za valvu (raba ndogo zinazozuia oili isishuke kwenye shina la valvu), sili zilizokauka. Ungetoka unapokanyaga mafuta kwenye mlima, ningeshuku ringi za pistoni kwanza. Pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), mimina kijiko cha oili kwenye silinda yenye kipimo cha chini, upime tena. Ikipanda sana, ni ringi, na sili mpya hazitakuokoa.

5A-FE ina valvu 16, kwa hiyo sili 16: 8 za kuingiza hewa na 8 za ekzosi. Hazifanani, usizichanganye. Usinunue za raba ya nitraili, joto la muda mrefu huikausha ikawa ngumu kama plastiki. Tafuta za raba ya FKM (dukani wengi huziita Viton), zinavumilia joto zaidi ya nyuzi 200. Bei iko juu, lakini kazi ya kufungua ni ileile.

Kabla ya kufunga, tikisa valvu pembeni. Nafasi kwenye gaidi (kibomba ambamo shina la valvu hupita) ikizidi milimita 0.08 upande wa kuingiza au 0.10 upande wa ekzosi, badilisha gaidi kwanza. Valvu inayocheza hutanua mdomo wa sili yoyote, hata ya bei ghali.

Paka oili kwenye shina, funika vifereji vya loki (vibanio vinavyoshika springi juu ya shina) kwa nailoni laini (kingo za vifereji huchana mdomo wa sili, hapa ndipo mafundi wengi huharibu), halafu sukuma sili kwa soketi ndefu mpaka ikae. Nyundo weka mbali.