Gemu za ukatili na watoto wetu

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mwanangu wa miaka 12 akitoka shule hupitia kibanda cha gemu na kucheza michezo ya kupigana risasi. Je, ni kweli Marekani wana sheria ya kuzuia jambo hili? Mzazi, Chikongola, Mtwara.

JIBU: Marahaba. Jimbo la California lilitunga sheria mwaka 2005 kukataza kuwauzia au kuwakodishia walio chini ya miaka 18 michezo ya ukatili, faini ikifikia dola 1,000, lakini Juni 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani iliibatilisha kwa kura 7 dhidi ya 2, ikisema michezo hiyo inalindwa na uhuru wa kujieleza na kwamba tafiti zilizoletwa hazikuthibitisha kuwa inawafanya watoto wawe wakatili. Uingereza, kinyume chake, tangu 2012 ni kosa kumuuzia mtoto mchezo usiolingana na umri wake.

Hata hivyo, sheria za namna hiyo humlenga muuzaji, ilhali kibandani mwanao hanunui mchezo bali dakika za kucheza, na diski yenyewe, aghalabu ya kunakiliwa, haina hata kasha lenye alama ya umri. Mfuate mwenye kibanda pamoja na wazazi wenzako (hatapenda kukosana na mtaa unaomlisha), mkubaliane kwamba wenye sare za shule wawekewe mpira wa miguu tu.