Shahamu ya kahawia au mafuta ya hudhurungi?

Msomaji wetu wa Wete, Pemba, anauliza: "Asalaam alaykum, mwalimu. Natafsiri makala ya afya inayolinganisha panya na binaadamu. Nimeandika 'seli za mafuta nyeupe' na 'seli za mafuta ya kahawia'. Mwenzangu anasema 'mafuta nyeupe' ni kosa, na kahawia si Kiswahili hasa, niandike hudhurungi. Nani kapatia?"

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Mwenzako kapatia moja, kakosa moja, na nyote wawili mmelipita neno lililo muhimu zaidi.

Alilopatia ni upatanisho: mafuta haya, mafuta mengi, mafuta meupe. Lakini kahawia ni Kiswahili tosha. Rangi zetu nyingi tumezitoa kwenye vitu tunavyoviona: kijani kwenye jani, kijivu kwenye jivu, zambarau kwenye tunda lake. Kahawia imetoka kwenye kahawa, na mtu akilisikia tu ameshaiona rangi. Hudhurungi nalo ni letu na zuri, ila wasomaji wengi litawasimamisha njiani.

Sasa neno mlilolipita. Mafuta kwetu yamebebeshwa mengi: ya taa, ya nazi, ya kujipaka, ya makonyo ya karafuu huko huko kwenu Pemba. Hayo aghalabu humiminika. Yale yaliyoshikamana na nyama mwilini yana jina lake, nalo ni shahamu. Simama Darajani kwenye meza ya nyama utazame figo la ng'ombe kabla halijachunwa: limefunikwa tabaka jeupe, zito, linalonata kisu. Hiyo ndiyo shahamu. Ukiitia chunguni ikayeyuka, kinachoelea juu ya mchuzi ni mafuta.

Tofauti hiyo ndiyo itakayokuokoa, kwa sababu makala yako inavihitaji vitu vyote viwili. Seli ya shahamu nyeupe ina tone moja kubwa la mafuta, limeijaza seli mpaka kiini kimesukumwa pembeni. Ya kahawia ina matone madogo mengi, na katikati yake imejaa mitokondria, yaani vijisehemu vya seli vinavyochoma chakula kutoa nishati. Mitokondria hizo zina chuma, na chuma hicho, pamoja na mishipa mingi ya damu, ndicho kinacholeta rangi. Kwa hiyo rangi ni ya shahamu, wala si ya mafuta yaliyomo ndani. Ukiandika "mafuta ya kahawia" umemwambia msomaji jambo lisilo kweli. Na "seli nyeupe" usiiache peke yake, kwani wengi watafikiri unasema zile za damu.

Kazi nazo hazifanani. Nyeupe huweka akiba. Ya kahawia huyageuza mafuta kuwa joto, hasa mwili unapopata baridi. Panya anayo baina ya mabega, pale ng'ombe wetu anapoota nundu. Andika "panya wadogo" mara ya kwanza, maana panya kwetu ni wa kila ukubwa, hadi panya buku. Na usiiache habari ya joto: panya wa maabara aghalabu hufugwa kwenye nyuzi 20 hadi 22, ilhali raha yake ni karibu na 30, joto letu la kaskazi. Yeye basi yumo baridini siku zote, na shahamu yake ya kahawia haipumziki. Mtoto mchanga wa binaadamu anayo pia. Kwa watu wazima ilithibitishwa mwaka 2009 kwa picha za ndani ya mwili, zikaonyesha ipo shingoni na juu ya mtulinga.

Huenda ukakutana na aina ya tatu, seli zinazozuka ndani ya shahamu nyeupe zikaanza kutoa joto kama za kahawia. Wataalamu wameziita kwa rangi iliyo kati ya hizo mbili. Mimi ningeandika "za rangi ya maji ya kunde". Tumezoea kuyataja kwa ngozi ya mtu, lakini hapa yanakaa vyema: si meupe, wala hayajafika kahawia.

Sentensi yako basi iwe hivi: "Seli za shahamu nyeupe huhifadhi mafuta katika tone moja kubwa, seli za shahamu ya kahawia huyagawa katika matone madogo na kuyageuza kuwa joto."