Maswali yenu kuhusu tarehe 29 Februari

Kwa nini siku ya ziada iwekwe Februari badala ya mwishoni mwa Desemba?

Tumeirithi kwa Warumi. Mwaka wao wa kale ulianza Machi, kwa hiyo Februari ndiyo iliyoufunga, na marekebisho yote yakafanyiwa huko. Julius Caesar alipoleta mwaka mrefu, yaani wenye siku 366, wao hawakuongeza tarehe mwishoni mwa mwezi. Waliihesabu tarehe 24 mara mbili.

1900 inagawanyika kwa 4, mbona haukuwa mwaka mrefu?

Dunia hulizunguka Jua kwa siku 365, saa 5, dakika 48 na sekunde kama 45. Ukiongeza siku nzima kila baada ya miaka minne, unazidisha takriban dakika 11 kwa mwaka. Ni kidogo, lakini zililundikana karne kwa karne, hata ile siku ya Machi ambayo usiku na mchana hulingana ikawa inaangukia tarehe 11 badala ya 21. Papa Gregori XIII akazifuta siku 10: mwaka 1582, Alhamisi tarehe 4 Oktoba ilifuatwa na Ijumaa tarehe 15. Tangu hapo, mwaka unaofunga karne huwa mrefu pale tu unapogawanyika kwa 400. Ndiyo maana 1900 ulikosa na 2000 ukapata.

Rafiki yangu anadai iliwahi kuwepo tarehe 30 Februari. Ananidanganya?

Hakudanganyi. Ni Uswidi, mwaka 1712. Waliamua kuhamia kalenda mpya polepole kwa kuruka siku za ziada. Wakairuka ya 1700, kisha vita vikawashika, na za 1704 na 1708 hawakuziruka. Wakabaki na kalenda isiyolingana na ya nchi nyingine yoyote! Ili kurudi walikotoka, ile siku waliyoiruka ikalipwa kwa kuwa na tarehe 30.

Mwanangu alizaliwa tarehe 29 Februari. Tusherehekee lini?

Sherehekeeni siku mnayoipenda. Sheria ndizo zinazohitaji tarehe moja, nazo hazikubaliani: Taiwan huhesabu 28 Februari, Hong Kong 1 Machi. Mimi ningechagua 28, maana mtoto ni wa Februari. Hayuko peke yake: mtunzi wa opera Gioachino Rossini alizaliwa siku hiyo mwaka 1792, na mwanasiasa wa Hispania Pedro Sánchez mwaka 1972. James Milne Wilson, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Tasmania, alizaliwa 29 Februari 1812 na kufariki 29 Februari 1880.

Kuna tukio kubwa lililotokea tarehe hiyo?

Lipo, na ni zito. Usiku wa 29 Februari 1960, dakika chache kabla ya saa sita, tetemeko liliukumba mji wa Agadir nchini Moroko. Lilidumu kama sekunde 15, na ukubwa wake haukufika 6, kiwango ambacho miji mingi imekistahimili. Lakini kitovu kilikuwa karibu chini ya mji wenyewe, tena si kina kirefu, na majengo mengi hayakuwa na uimara wa kuhimili mtikisiko. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Ngome ya kale juu ya kilima iliwaangukia waliokuwa wakiishi ndani yake. Waliokufa hawakupungua 12,000, karibu theluthi ya wakazi, na mji mpya ukajengwa kusini kidogo mwa ule wa zamani.

Linaloniuma ni kwamba katika safu za "leo katika historia", Agadir hutajwa mara moja tu kila miaka minne, kwa kuwa tarehe yenyewe haipo. Ninawaomba wanaoziandaa waitaje tarehe 28 katika miaka ya kawaida.

Ni kweli Oscar ya kwanza kwa mtu mweusi ilitolewa siku hiyo?

Kweli. Mwaka 1940 Hattie McDaniel, binti wa wazazi waliozaliwa utumwani, alitunukiwa tuzo ya mwigizaji msaidizi bora wa kike. Hoteli ya Los Angeles ilikofanyika hafla ilikuwa ikiwabagua watu weusi, na mtayarishaji wa filamu aliyoigiza alilazimika kumwombea ruhusa ya kuingia. Akaketishwa kwenye meza ndogo kando ya ukuta, mbali na waigizaji wenzake. Kutoka kwenye meza hiyo ndiko alikoinuka kwenda kupokea tuzo. Mwanamke mweusi wa pili kuipata Oscar ya uigizaji, Whoopi Goldberg, alipata mwaka 1991.

Siku ya Magonjwa Adimu inahusiana vipi na tarehe hii?

Ilianza 29 Februari 2008, ikichaguliwa makusudi kwa kuwa tarehe yenyewe ni adimu. Miaka mingine huadhimishwa siku ya mwisho ya Februari, na hivyo ndivyo ningetaka Agadir nayo ifanyiwe. Ulaya, ugonjwa huitwa adimu usipozidi mtu 1 kati ya 2,000, lakini magonjwa hayo ni maelfu, kwa hiyo wagonjwa wote kwa pamoja ni mamilioni.

Itakuja lini tena?

Jumanne, mwaka 2028. Baada ya 2096 itasubiriwa hadi 2104.