Kabla hujatuma hilo dodoso kwa wapangaji, kaa chini kwanza

Juzi kijana mmoja wa idarani kwetu kaja mezani kwangu na dodoso lake la kuridhika kwa wapangaji, kachangamka kweli, anataka niangalie tu mara moja alitume. Swali la kwanza jina. La pili namba ya nyumba. La tatu "Je, unaridhika na kasi na ubora wa matengenezo yetu?" Halafu nauliza nani atalipeleka, ananiambia msimamizi wa jengo, maana ndiye anayewajua watu. Nikamwambia kaa chini. Na mwezi uliopita nilimwambia mwenzake kaa chini kwa mambo hayohayo, sasa nimechoka kurudia, naandika mara moja na msome wote, hata nyie mnaojiona mmeshaiva.

1. Swali moja, jambo moja. Fundi kaja siku ileile, kaziba bomba, wiki iliyofuata limepasuka tena. Huyo mpangaji akujibu nini kwenye "kasi na ubora"? Tenganisha. Na mwekee muda, miezi 12 iliyopita, la sivyo atakujibu hasira za miaka mitano nyuma.

2. Acheni kuabudu wastani. Mizani ya Likert, ile ya kuchagua alama 1 mpaka 5, ipo tangu 1932 na hadi leo mtu ananiletea "tumepata 3.4" kama kaniletea matokeo ya mtihani. Hiyo tatu na nukta inaweza kuwa jengo zima wako vuguvugu, au nusu wanakusifu na nusu wameshaanza kufunga mizigo. Onyesha wangapi wamesema 1, wangapi 2, basi.

3. Hiyo 385 mnayoitaja kama kiapo. Ni idadi ya majibu kwa wapangaji wengi sana, ukitaka kosa lisizidi asilimia 5 juu au chini kwa uhakika wa asilimia 95. Ukiwa na nyumba 500 zinatosha kama 218. Jengo la nyumba 40 uliza wote, usijifanye unachukua sampuli. Ila hesabu hiyo inasimama kama umewachagua kwa bahati nasibu. Majibu 385 ya waliojisikia kujibu ni mkutano wa hadhara, ndugu zangu, wenye kelele ndio wanaokuja. Na mara nyingi mtu akihojiwa kwa simu anatoa alama za juu kuliko akijaza mwenyewe kwenye linki, kwa hiyo kama mwaka huu mmehama simu mkaenda linki, usiandike kwenye ripoti kwamba huduma imeporomoka, labda ni aibu tu ndio imepungua.

4. Nani anauliza, na majibu yanaishia wapi. Hapa nakaa kidogo maana hapa ndipo nilipoungua.

Nilikuwa mpya, nimepewa majengo matatu nipime. Nikafanya kama yule kijana wa juzi, msimamizi akagonga mlango kwa mlango na karatasi zangu, akasimama pale mlangoni akisubiri wajaze. Msimamizi mwenyewe ndiye anayekusanya kodi, ndiye anayebandika notisi, na ndiye anayekagua nyumba siku ya kutoka na kusema amana yako irudi yote au nusu. Zikarudi karibu zote. Zaidi ya asilimia tisini wameridhika! Nikatengeneza grafu ya kijani nzuri sana, bosi akaipeleka kwenye kikao cha wenye mali, nikapigiwa makofi, sikutembea siku ile, niliruka.

Katika lile rundo kulikuwa na mama mmoja mtu mzima alieandika ukweli. Akatoa 2, chini akaandika kwa mwandiko wa polepole kwamba dari ya bafuni inavuja toka juu, kasharipoti mara tatu, na kila akiripoti anajibiwa kwa ukali. Mimi nikaona hii ni dhahabu, nikaiingiza kwenye eksel pamoja na namba ya nyumba yake, halafu, na hapa bado nasikia joto masikioni nikikumbuka, nikatuma faili zima kwa kila mtu aliekuwa kwenye ile imeili ya kazi ikiwemo msimamizi, eti "ili tufanyie kazi maoni". Sikufuta safu hata moja. Nilifikiri ndio uwazi.

Jioni ileile msimamizi kapanda kwake. Hakumtukana, hapana, kamuuliza tu kwa upole mbele ya majirani, "mama, kumbe mimi ni mkali?"

Niliyajua haya baada ya wiki kadhaa nilipoenda mwenyewe kuangalia ile dari. Mama kanifungulia, kanikaribisha kiti, kanipa maji ya kunywa, halafu kaniambia, "Mwanangu, dari haina shida." Nikatazama juu naona kabisa ukungu mweusi umetambaa mpaka kwenye taa. Namwambia mama mbona inavuja. Akasema, "Haivuji." Sikubisha. Ningembishia nini, na mimi ndiye niliyemuuza.

Mwaka uliofuata nikapima tena, safari hii kwa bahasha zilizofungwa, hakuna jina, nimejirekebisha, najiona mtaalamu. Ghorofa yake nzima wamenipa 5, kila swali, kuanzia la usalama mpaka la taka, hata swali la lifti, na lile jengo halina lifti, nilisahau kulitoa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tano tupu kwenye ghorofa nzima ni watu wameshakubaliana kutokusema kitu. Mama alihama mkataba ulipoisha, na kwenye fomu ya kutoka, sehemu ya sababu, kaandika "familia".

Kwa hiyo: anayepokea kodi asiguse dodoso. Ndio hivyo tu, ningeweza kuandika sentensi hii peke yake lakini msingenielewa.

5. Kuridhika na kuamini ni vitu viwili. Kuridhika kunaangalia nyuma, bomba lilitengenezwa au halikutengenezwa. Kuamini kunaangalia mbele: ukiripoti kesho utasikilizwa? amana yako utaipata? ukilalamika mkataba utaongezwa? Uingereza, upande wa England, toka Aprili 2023 wamiliki wa nyumba za kijamii, zile za kodi nafuu, wanapimwa kwa vipimo 22, 12 kwa kuwauliza wapangaji na 10 kutoka kwenye kumbukumbu za mmiliki mwenyewe kama matengenezo na ukaguzi wa gesi. Presha ya kubadilisha mambo ilipanda sana baada ya moto wa Grenfell Tower London, 14 Juni 2017, watu 72 walikufa na wakazi walikuwa wameshalalamika kuhusu usalama kabla. Hata hivyo katika zile 12 hakuna linalouliza moja kwa moja "unamwamini?" Lililo karibu ni kama mmiliki anasikiliza maoni yako na kuyafanyia kazi. Liibeni hilo, lakini ongezeni na ya kwenu ya mbele.

6. Malalamiko sifuri sio sherehe. Ukitengeneza mfumo wa malalamiko vizuri miezi ya mwanzo yanapanda, mwambie bosi mapema kabla hajapaniki. Jengo lililo kimya nenda ukalitembelee kwa miguu.

Na wewe kijana wa juzi, najua unasoma. Kwenye eksel yako ya kuingizia majibu, futa safu ya D yenye namba za nyumba. Futa na ya F pia, umri na ghorofa, maana ghorofa ya nne mwenye zaidi ya miaka 60 ni mmoja tu na msimamizi anamjua. Ukimaliza nitumie mimi peke yangu, usibonyeze jibu wote.