Kabla hujanunua projekta: kwa mnaoanza kupanga maonyesho ya makumbusho

Kamwene wadogo zangu. Kila anayeanza hii kazi swali la kwanza ananiuliza projekta gani ninunue, mi namwambiaga tulia kwanza, maana na mi niliingia hivohivo.

Onyesho langu la kwanza hapa Iringa mjini nilifunga projekta mbili na spika nne, nataka mtu akiingia ajione yuko katikati ya vita ya Lugalo, 1891, Wahehe walipowapiga Wajerumani. Siku ya pili umeme ukakatika kama dakika moja hivi ukarudi, spika zikawaka zenyewe ila projekta hazikuwaka, na rimoti iko mfukoni kwa kijana wetu kaenda kula Ipogolo, basi watu wanaingia wanakodolea ukuta mweupe huku bunduki zinalia. Zinalia mpaka chumba cha pili nilikoweka sauti ya bibi anasimulia hadithi!

Nenda makumbusho ya Kalenga ukajifunze. Fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani 1954 liko ndani ya kioo, chumba kidogo tu, hamna mbwembwe, na watu wanashusha sauti bila kuambiwa. Nilikaa pale karibu nusu saa naangalia miguu ya wageni, wanasimama wapi, wanageukia wapi.

Siku hizi naanza na tepu. Nabandika sakafuni kila ukuta na kila kabati vitakapokaa, naweka maboksi matupu badala ya vitu vyenyewe, halafu naita watoto wa shule wapite na mabegi yao mgongoni. Kwenye mchoro chumba kinatosha, ila wakija wanafunzi 45 na mwalimu mmoja, wa mbele tayari anasoma lebo na wa nyuma bado yuko nje anapigwa baridi la Julai.

Taa sasa. Picha za zamani, karatasi na nguo usizidishe luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), rangi ikishapauka hairudi hata ufanyeje, na kumbuka macho yanahitaji muda kuzoea, mtu anayetoka jua la saa saba mpe kikorido chenye mwanga wa kati kwanza. Spika ining'inize juu ya kichwa cha msikilizaji iangalie chini, sauti ndogo.

Kilichonifundisha zaidi ni bibi mmoja, nimemwamkia shikamoo, kaitikia marahaba, akaniuliza, "Mjukuu wangu, jiwe la kusagia mmelifungia kwenye kioo, limeiba nini?" Nilicheka ila usiku sikulala vizuri. Lile la zamani nikaliacha kwenye kioo, nikatafuta jiwe jipya nikaliweka chini pembeni yake na ulezi kidogo watu wasage wenyewe, na foleni ya siku nzima ikawa hapo, projekta hamna anayeiulizia. Ukifanya hivyo unga ufagie kila jioni na ulezi ufunge kwenye ndoo, panya na wadudu wakishajua njia ya stoo ya nguo za zamani kuwatoa ni kazi.